Milango Ina Wenyewe

Kuna swali ambalo vijana wetu waliomaliza chuo wanalijua hata kabla halijatamkwa. Huulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, wakati wa mnada wa sadaka, mzee wa kanisa akiwa ameinua mkungu wa ndizi na jogoo akingoja zamu yake. Mama mmoja anamshika kijana bega, kwa upendo kabisa, anamwuliza, "Umeshapata?" Hasemi umepata nini, maana wote wawili wanajua. Kijana anajibu, "Bado mama, tuombeane," anatabasamu kidogo, kisha anatafuta mahali pengine pa kusimama. Jumapili inayofuata anakaa benchi la nyuma ili atoke mapema. Baada ya miezi michache haonekani tena. Ukimwuliza mama yake, atakuambia kijana amesafiri.

Sisi tunaohudumu Ilemela tumekutana na safari za namna hiyo mara nyingi. Tunakwenda kutembelea nyumba moja Kiseke au Nyasaka, na huyo aliyesafiri tunamkuta uani, ameinamia simu. Hajaacha imani. Anasoma Neno, anasali usiku. Alichokikimbia ni lile swali.

Tunaandika makala hii kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama aliyeuliza, kwa sababu wote wawili ni wa usharika mmoja na wote wanampenda Bwana mmoja. Tunaandika pia kwa sababu kijana mmoja alituambia neno kuhusu maombi ambalo tangu siku hiyo halijatutoka. Hakulisemea kanisani. Alilisemea kwenye maonesho ya ajira.

Chuo kimoja cha hapa Ilemela kiliandaa siku ya maonesho ya ajira na mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi Wakristo wa chuo hicho walituomba tufike kufungua kwa sala, na shehe wa eneo hilo alialikwa kuomba dua. Tulipomaliza tungeweza kuondoka. Lakini miongoni mwa wanafunzi walikuwamo kumi na wawili wa usharika wetu, ambao tuliwafundisha kipaimara tangu wakiwa na kaptula na madaftari yenye majalada ya magazeti. Wakatuomba tubaki. Tukabaki mpaka jioni: mchungaji, mwinjilisti na mwenyekiti wa vijana.

Ambaye hajawahi kufika kwenye maonesho ya namna hii afikirie Nane Nane pale Nyamhongolo. Mabanda ni yale yale na turubai ni zile zile, ila mezani, badala ya mbegu za pamba na mashine za kukamulia alizeti, kuna fomu. Benki walikuwapo, kampuni za bima, wakandarasi, hoteli, hospitali, na kiwanda cha kuchakata samaki. Walikuwapo TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wakiandikisha vijana bila malipo. Kila kijana alikuwa ameshika bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni, wasifu uliochapwa steshenari, na kopi za vyeti. Kijana mmoja alivaa koti la baba yake, mikono ikamfika kwenye vidole. Saa nne jua lilikuwa limeshapasha moto mawe ya Mwanza, lakini hakulivua.

Foleni zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya waliomaliza, wanaotafuta kazi. Nyingine, ndefu zaidi, ilikuwa ya wanaotafuta mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo vijana wanayaita fildi. Wazazi wengi usharikani hawaijui habari hii ya fildi, kwa hiyo tuieleze. Katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi hahitimu mpaka amekaa majuma kadhaa mahali pa kazi, ameandika kila siku alichofanya, na msimamizi ametia sahihi na mhuri. Mara nyingi fildi hailipwi. Mwanafunzi anajitegemea nauli na chakula. Hata hivyo anaitafuta kwa machozi, kwa sababu asipoipata hamalizi chuo. Na akishamaliza, matangazo ya kazi yatamdai uzoefu, na uzoefu wake wa kwanza ni huo.

Adhuhuri akatujia binti mmoja wa kwaya yetu, anayesomea ununuzi na ugavi. Kwao ni Igombe. Baba yake ana mtumbwi, mama yake anaanika dagaa. Ada yake imetoka kwenye dagaa hao, gunia kwa gunia, na mwaka mmoja ilitoka kwenye injini ya mtumbwi, maana baba aliiuza na kurudi kupiga kasia.

"Shikamoo Baba Mchungaji."

"Marahaba, binti. Umefikia wapi?"

"Nimemaliza mabanda yote. Wamesema niache barua, watanipigia."

"Watapiga kweli?"

"Baba Mchungaji, mwezi uliopita niliacha barua ofisi tisa. Nimepigiwa simu moja tu, na aliyepiga alitaka elfu thelathini ya usajili."

Tukamwambia asitume hela, huyo ni tapeli. Akacheka. "Sikutuma. Ningeitoa wapi?"

Akanyamaza kidogo, akiikunjua ncha ya bahasha yake iliyokuwa imekunjika. Kisha akasema, "Naomba niseme kitu, msinielewe vibaya. Kila Ijumaa kwenye maombi tunaombewa Mungu atufungulie milango. Mimi naamini. Lakini hii milango si ina wenyewe? Yule baba aliyekaa banda lile pale, tunasali naye. Anakaa benchi la pili. Nimemwimbia miaka minne, na leo ameniuliza natoka wapi."

Hakusema kwa hasira wala kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza hesabu ya magunia.

Tukatazama lile banda. Kweli alikuwa ndugu yetu, mtu mwema, mwepesi wa kutoa, ambaye bati nyingi za kanisa letu zimetoka mfukoni mwake. Kwa miaka minne alikuwa ameona joho la kwaya. Hakuwa ameona mwanafunzi wa ugavi ndani ya joho hilo, na hakuna aliyemwonesha.

Mpendwa msomaji, kabla hatujaendelea inafaa tuelewe kwa nini wazazi na watoto hawaelewani katika jambo hili. Kizazi cha baba zetu kilimaliza shule katika nchi nyingine, ingawa jina lake lilikuwa hili hili. Miaka ya 1960, 1970 na sehemu kubwa ya miaka ya 1980, aliyemaliza chuo alipangiwa kazi na serikali. Barua ilimfuata. Mzee mmoja wa usharika wetu anasimulia kwamba hakuwahi kuandika barua ya kuomba kazi hata moja maishani mwake. Alipewa hati ya kusafiria na jina la kituo. Mfumo huo ulikwisha uchumi ulipobadilika. Walimu waliendelea kupangiwa moja kwa moja kwa miaka mingi baada ya wengine, lakini leo hata mwalimu anaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, anafanya usaili, na anangoja.

Hapa kwetu ziwani kuna na mengine. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara viliajiri watu wengi, na kijana aliyekosa shule hakukosa zamu. Sangara walipopungua, zamu nazo zilipungua. Miradi mikubwa inakuja na kuajiri, kisha inakwisha kwa sababu imekamilika, kama daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi kidogo, lililofunguliwa Juni 2025. Wakati huohuo vyuo vimeongezeka na watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6 katika mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo baba anapomwambia mwanawe, "Sisi tulimaliza tukaanza kazi mwezi uliofuata, ninyi mnachagua," anasema kweli kuhusu wakati wake. Wakati wa mwanawe haumo katika maneno hayo.

Sasa tufungue Biblia, Mathayo sura ya 20. Bwana wetu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta wafanyakazi. Akatoka tena saa tatu, akatoka saa sita, akatoka saa tisa, na mwisho akatoka saa kumi na moja. Watu wa lugha nyingine nyingi wanaposoma habari hii hulazimika kuelezwa ni saa ngapi hizo. Sisi hatuhitaji maelezo, maana saa za mfano huu ni saa zetu. Saa tatu tunaijua: chai imeshanyweka na maduka yamefunguliwa. Saa sita kivuli kiko chini ya miguu. Saa kumi na moja jua limeinamia ziwa na watu wanafikiria kurudi nyumbani. Aliyesimama sokoni mpaka saa hiyo amesimama siku nzima.

Watu wa Mwaloni Kirumba wanajua zaidi. Asubuhi mitumbwi na malori yanapofika, wabebaji wanasubiri wakiwa wamevua mashati. Wenye nguvu na wenye kujulikana wanaitwa kwanza. Anayebaki mpaka mchana si lazima awe mvivu. Pengine alichelewa kwa sababu alimpeleka mtoto zahanati. Pengine ni mgeni na hakuna anayelijua jina lake. Lakini akirudi nyumbani bila hela ya mboga, hakuna atakayeuliza sababu.

Katika mfano wa Bwana, mwenye shamba anauliza sababu. Anawauliza wale wa saa kumi na moja kwa nini wamesimama pale mchana kutwa bila kazi, nao wanamjibu kwa maneno machache kwamba hakuna mtu aliyewapa kazi. Tuangalie anachofanya baada ya jibu hilo. Hawahubirii. Hawaambii wangeamka mapema, wala kwamba tatizo lao ni kuchagua kazi. Anaamini walichosema na anawatuma shambani.

Tumehubiri juu ya mfano huu miaka mingi, na mara nyingi tumekaa kwenye ule mshahara wa mwisho, dinari moja kwa wote, na manung'uniko ya waliotangulia. Hiyo ndiyo injili yenyewe, na hatutaiacha: mbele za Mungu hatulipwi kwa saa. Lakini tukiwa kwenye yale maonesho, macho yetu yalivutwa na jambo lililo mwanzoni mwa habari. Mwenye shamba alitoka mwenyewe. Alikuwa na msimamizi, maana jioni ndiye aliyelipa watu. Angeweza kumtuma huyo sokoni. Hakumtuma. Alikwenda kwa miguu yake mara tano, na mara ya mwisho ilikuwa saa ambayo hakuna mwenye shamba anayehitaji mtu tena. Kazi ya saa moja isingeongeza zabibu nyingi. Yaonekana alitoka kwa ajili ya waliosimama.

Na ile dinari ilikuwa kiasi cha kulisha nyumba kwa siku moja. Aliyeanza kazi saa kumi na moja ana watoto wanaokula kama wa aliyeanza alfajiri. Mwenye shamba aliona matumbo hayo.

Hapa mtu anaweza kuuliza: kanisa na ajira wapi na wapi? Si tuhubiri wokovu na kuiachia serikali mambo ya kazi? Sisi Walutheri tuna jibu la zamani. Mwaka 1505 Martin Luther alikuwa kijana wa miaka 21, ameanza masomo ya sheria Erfurt kama alivyotaka baba yake, mtu wa machimbo ya shaba aliyeisomesha familia kwa jasho. Julai mwaka huo dhoruba ilimkuta njiani, radi ikapiga karibu yake, na kwa hofu akaapa kuwa mtawa. Akaacha sheria. Baba alikasirika sana. Mzazi yeyote wa Igombe aliyeuza injini atamwelewa. Miaka mingi baadaye, mtawa huyo huyo alifundisha kwamba mtawa hana wito ulio juu kuliko fundi viatu, mama anayeosha mtoto au mfanyakazi wa shambani. Kila mmoja ameitwa, na kwa mikono ya kila mmoja Mungu anamhudumia jirani. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la riziki ya kila siku, hakuishia kwenye chakula. Aliweka humo nyumba, fedha, serikali njema, hata majirani wanaoaminika. Kwa hiyo kila tunaposali Sala ya Bwana tunaombea pia mambo ya ile bahasha ya kaki, na tunamwomba Mungu atupe jirani wa kuipokea.

Fundisho hili la wito lina pande mbili, na lazima tuzishike zote. Upande wa kwanza ni faraja kwa yule kijana aliyesafiri. Hujaajiriwa, lakini umeitwa. Wito wako haukuanza siku ya kupata mkataba, na hautakoma siku mkataba utakapokwisha. Unapomsaidia mdogo wako hesabu, unapomwanikia mama dagaa, unapofundisha watoto shule ya Jumapili, hauko katika chumba cha kusubiri maisha. Jina lako liliitwa kwenye maji ya ubatizo, na halijabandikwa ubaoni likingoja usaili.

Upande wa pili ni onyo kwetu tunaofariji. Wito haulipi nauli ya daladala. Mtu akimwambia kijana mwenye njaa kwamba ameitwa, kisha akaondoka, amefanya lile ambalo Yakobo analikemea katika waraka wake: kumtakia ndugu joto na shibe bila kumpa kitu. Aliyeitwa anahitaji pia aliyeitwa kufungua mlango. Mwenye karakana ana wito. Mhasibu ana wito. Meneja wa benchi la pili ana wito, na wito huo haukutimia kwa kutoa bati.

Tuliporudi tukalipeleka jambo hili kwenye Baraza la Wazee, na hapo tukapata pingamizi ambalo si dogo. Mzee mmoja, mwenye nafasi serikalini, alisema, "Baba Mchungaji, hii nchi inaumizwa na koneksheni. Watoto wa watu wanapita dirishani, watoto wa maskini wanapanga foleni mlangoni. Sasa kanisa nalo liwe koneksheni?"

Tukamshukuru, kwa sababu alisema neno la kinabii. Kazi ya umma ina utaratibu wake wa maombi na usaili, na anayetumia jina la kanisa kumruka mwingine kwenye foleni amemwibia mtoto wa mama mwingine, ambaye naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Jambo hilo halina mjadala. Lakini tukajadiliana: koneksheni inaumiza kwa sababu gani? Inaumiza kwa sababu ni siri, ni ya wachache, na inatoa nafasi kwa asiyestahili. Basi tufanye kinyume chake kwa mambo yote matatu. Nafasi itangazwe wazi. Itangazwe kwa wote, hata kwa jirani asiye wa usharika wetu na asiye wa dini yetu. Na kinachotolewa kiwe kile ambacho kila anayeanza anakihitaji: mahali pa kujifunzia, taarifa ya kweli, mtu wa kumsomea barua yake kabla hajaipeleka.

Mzee mwingine akakumbusha kwamba sisi wachungaji nasi tulipita njia hiyo. Ni kweli. Tulipokuwa tukisoma theolojia tulipelekwa usharikani kujifunza kwa vitendo. Mchungaji mzee alitupokea nyumbani kwake, akatuweka mezani pake, akatusikiliza tukihubiri, akatusahihisha jioni kwa upole tukiwa tunakula ugali. Hakutudai uzoefu. Alijua kwamba uzoefu ndio tuliofuata kwake. Kanisa limewalea watumishi wake hivyo kwa vizazi. Haliwezi kushangaa fundi friji anapoombwa kufanya vivyo hivyo.

Yaliyofuata ni mambo madogo, nasi tunayaandika kwa udogo wake ili usharika mwingine uone kwamba hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza, tuliweka daftari ofisini kwa usharika, lenye kurasa za pande mbili. Upande mmoja kijana anaandika anachosoma, mwaka wake, na anachotafuta. Upande wa pili mshirika anaandika anachofanya na kama anaweza kumpokea mtu. Juma la kwanza upande wa vijana ulijaa, na ule mwingine ulikuwa na jina moja. Hatukukata tamaa. Tuligundua kwamba watu wengi hawakujiona kuwa wana milango. Mama mwenye cherehani nne pale Nyakato alidhani tunatafuta mabenki. Fundi friji wa Buzuruga alidhani wanafunzi wa chuo hawawezi kushika bisibisi mbele yake. Muuguzi, mwenye duka la vipuri, dereva wa lori anayejua kampuni zote za usafirishaji kwa majina ya makarani wake: kila mmoja ilibidi aambiwe ana kwa ana kwamba mlango wake ni mlango.

Pili, kila Alhamisi jioni wale wenye uzoefu wa ofisi wanakaa na vijana kufanya mazoezi ya usaili na kusoma barua zao. Ndugu yetu wa benchi la pili ndiye anayeongoza. Tulimweleza aliyoyasema yule binti, bila kumtaja jina, naye alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza Alhamisi tunaanza saa ngapi. Siku hizi anawajua vijana kwa majina na kwa kozi zao.

Tatu, sehemu ya mnada wa Jumapili moja ya kila mwezi inakwenda kwenye nauli za walio fildi. Mkungu wa ndizi ukinadiwa siku hiyo, watu wanajua unampeleka mtu kazini.

Yule binti wa Igombe alipata fildi. Hakuipata kwa mshirika wetu. Tangazo lililobandikwa nje kwenye ubao wetu lilisomwa na mama mmoja Mwislamu mwenye ghala la kufungasha dagaa, aliyekuwa akipita kwenda sokoni. Akaingia ofisini, akavua viatu mlangoni ingawa tulimwambia asihangaike, akasema anahitaji mtu wa kumpangia vitabu vya stoo. Binti alikaa kwake majuma yote, akapata sahihi na mhuri. Baba yake alituletea samaki na hakutaka kusikia habari ya kurudishiwa ndoo.

Hatutaki kumaliza kana kwamba mambo yote yamekaa sawa. Wengi walio kwenye lile daftari bado hawana kazi. Yule kijana wa koti la baba yake amefanya usaili mara tatu na mara zote majina yametoka bila lake. Tunamtaja kwa sababu shuhuda za kanisani huwa ni za waliopata; aliyekosa hasimami. Tukamwomba asimame Jumapili moja, si kutoa ushuhuda wa ushindi, bali kuomba. Aliomba kwa ajili ya wote ambao simu zao hazijaita. Kanisa lote lilinyamaza, na wazee wengine walilia, pengine kwa sababu walikuwa na watoto "waliosafiri".

Mpendwa msomaji, tunakuomba mambo mawili. Ukikutana na kijana aliyemaliza chuo, usimwulize kama ameshapata. Mwulize alisoma nini, na mpe muda wa kukueleza mpaka uelewe. Halafu nenda nyumbani ujiulize wewe una mlango gani. Usiseme huna. Hata kujua ofisi gani inapokea barua siku gani ni mlango. Hata kuwa na mhuri ni mlango.

Na wewe kijana, ukisoma haya mahali ulikojificha, rudi. Njoo na bahasha yako ukiwa nayo. Tutakusalimu kwa jina lako kwanza, na mengine tutayashughulikia Alhamisi, saa kumi na moja jioni.